Naomba ushauri: wasifu wa mama, na ule mwaka ambao hakwenda kanisani

BintiLandhi, Tororo

Wapendwa, habari za jioni. Mama yetu ametutoka usiku wa kuamkia Jumatatu. Tunamzika Jumamosi nyumbani, nje kidogo ya Tororo, na mimi ndiye niliyepewa kusoma wasifu. Nimekaa na karatasi tangu jana, nimekwama mahali pamoja.

Mama alikuwa Mjapadhola, baba ni Msamia. Walikutana kwenye landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa hiyo lugha ya nyumba yetu ikawa Kiswahili, hata sala za usiku tulisali kwa Kiswahili. Baba alikuwa fundi wa reli. Jumuiya ilipovunjika 1977 mshahara ukayumba, mama akaanza kukaanga mandazi alfajiri na kuyapeleka stesheni kabla sisi hatujaamka. Mandazi hayo yametusomesha watoto watano.

Miaka tisa iliyopita baba alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, maneno yakamtoka, akabaki na "ndiyo" na "aa-aa" tu. Mama hakukubali mtu mwingine amwogeshe. Usiku aliamka kumgeuza ubavu asipate vidonda, mara mbili, mara tatu, kila usiku. Hata wiki yake ya mwisho, pumzi zikimpanda, alikuwa akiniuliza: "Baba yako umemgeuza?"

Sasa penye shida. Kitinda mimba wetu alifariki kwa surua 1986, ana miaka miwili. Baada ya maziko mama aliacha kwenda kanisani, karibu mwaka mzima. Hakugombana na mtu wala hakusema neno. Jumapili alikaa uani akimenya viazi vitamu. Baba alituvalisha yeye mwenyewe, akatupeleka, na tukirudi alivuta kigoda karibu naye akamsimulia mahubiri tangu mwanzo mpaka mwisho. Mama anamenya tu, hajibu. Baba hakumlazimisha hata siku moja. Halafu Jumapili moja ya Majilio tukamkuta amevaa gomesi, lile vazi letu la heshima, amesimama mlangoni anatusubiri.

Jana nilifungua bati lake la biskuti. Nimekuta kadi zake zote za sadaka, zimefungwa kwa uzi. Za 1986 na 1987 zina visanduku vitupu kumi na kimoja. Hakuzitupa.

Shangazi na mzee mmoja wa kanisa wanasema nisiguse habari hiyo, kwa sababu mama aliongoza Umoja wa Akina Mama miaka mingi na watu watanong'ona. Kaka yangu mkubwa yuko upande wao. Mimi naona pale ndipo mama alipo hasa. Nisome au nifiche? Tena shangazi hataki nisome kwa Kiswahili, anasema ni lugha ya wanajeshi.

MkulimaBusia

Pole sana dada. Mimi ningeacha. Matangani kuna watu wa kila aina, na marehemu hawezi kusimama kujieleza. Sema mema yake, ni mengi.

MamaKwezi, Jinja

Pole mwanangu, Mungu awatie nguvu. Nimevaa beji ya Umoja miaka ishirini na miwili, acha niseme. Mary Sumner, aliyeanzisha Umoja huu kule Uingereza mwaka 1876, siku ya mkutano wa kwanza woga ulimzidi, akashindwa kusema. Akawaomba akina mama warudi wiki inayofuata. Habari hiyo tunasimuliana wenyewe na hatujaona aibu. Na Naomi je? Alirudi Bethlehemu amezika mume na wana wawili, akawaambia wanawake wenzake wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtendea machungu. Hakuna aliyemfukuza.

Nikwambie jambo jingine. Siku hiyo mbele yako kutakuwa na mama aliyezika mtoto mwaka huu na miguu yake haijui tena njia ya kanisani. Huyo atakusikia kuliko wote. Sisi wa Umoja tukiimbiwa sifa tupu tunapiga makofi, basi, tunakwenda kula.

MzeeStesheni, Nsambya

Poleni nyote. Nami nimelelewa landhi, namwelewa mama yenu vizuri sana.

Kuhusu lugha: shangazi yako usimkaripie. Walioishi miaka ya Amin walisikia Kiswahili vizuizini kikitoka kwa mwenye bunduki, na sikio halisahau. Lakini kwenu kilikuwa lugha ya sala. Soma kwa Kiswahili, mtu asimame kando akigeuza kwa Dhopadhola, wazee wa upande wa mama wasiachwe nje.

Halafu mwambie mshereheshaji akuweke mapema. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akishashika kipaza sauti, na wanasiasa wakifuata, utapewa dakika tatu jua likiwa utosini. Andika kwa herufi kubwa, machozi yakija usipotee mstari. Na habari ya kadi usiisome kama kosa lililosamehewa. Eleza alichofanya mama, eleza alichofanya baba, kisha ile gomesi mlangoni. Usiongeze mahubiri, mchungaji yupo.

MchungajiMstaafu

Binti, nimesoma mara mbili. Shangazi umemsikia, kaka umemsikia, mzee wa kanisa umemsikia. Aliyekuwa anasimulia mahubiri pale kwenye kigoda bado yuko hai. Umemuuliza?

BintiLandhi

Mchungaji, swali lako lilinifanya niifunge simu nilie kwanza.

Sikuwa nimemuuliza. Kwa vile haongei, tumezoea kumwamulia. Leo asubuhi nimeketi naye, kaka akiwepo, nikamsomea karatasi ile ambayo shangazi anaitaka. Nilipotoka 1986 nikaruka kwenye uongozi wa Umoja, akapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto: "Aa-aa." Nikadhani amechoka. Nikarudia, akapiga tena. Ndipo nikatoa ile nyingine, nikasoma habari ya viazi na kigoda na yeye kutuvalisha viatu. Hakunizuia. Alikuwa akiitikia "ndiyo, ndiyo," polepole, machozi yakimshuka upande mmoja. Kaka alitoka nje, aliporudi akasema yeye ndiye atakayegeuza kwa Dhopadhola.

Shangazi bado hajafurahi. Nimemwahidi kwamba dua ya mwisho ataiongoza yeye, kwa lugha atakayopenda.

MkulimaBusia

Nimesoma. Basi soma hiyo ya baba. Nitakuja Jumamosi na mke wangu, si mbali.

BintiLandhi

Karibuni sana, tunaanza saa nne. Baba tutamketisha mbele kabisa, karibu na jeneza. Zile kadi nilimpa azione asubuhi, na mpaka sasa amezishika. Nilipotaka kuzirudisha kwenye bati akasema "aa-aa".