Dodoma hadi Manyoni kwa miguu, kwa vipande: maji na mizigo tupangeje?

Wadau, tuko watu wazima wanne na watoto wawili (miaka 11 na 13). Tunataka kwenda kwa vipande vya wikendi: Dodoma–Bahi, Bahi–Kintinku, kisha Kintinku–Manyoni kupitia Kilimatinde. Kilomita ngapi kwa siku, na maji kiasi gani?

Mgogo_Mtembezi: Na watoto hao msizidi 15. Anzeni saa 12 asubuhi, saa 5 muwe kivulini, muendelee saa 10. Maji lita 4 kwa mkubwa, 3 kwa mtoto, ya kupikia mbali. Visima vingi huku vina chumvi, msivitegemee. Nendeni Juni hadi Oktoba. Masika mbuga ya Bahi hujaa maji na tope linang'ang'ania viatu. Kila kipande kiishie barabara ya lami, mpande basi la Singida likirudi Dodoma.

Bibi Kiatu: Raba zenye soli laini hapana, mbigili zinapenya. Ukihisi joto kisiginoni bandika plasta papo hapo, lengelenge likishatunga umechelewa. Mtu akilegea: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, anywe kidogo kidogo.

Saranda: Kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Kilimatinde fanyeni alfajiri, mabegi mepesi. Kabla ya kupiga hema ripotini kwa mtendaji wa kijiji. Zamani misafara ilitozwa hongo (ushuru wa njia) kupita Ugogo. Siku hizi salamu inatosha.