Mrejesho: umeme wa vyumba viwili kukatika na kurudi wenyewe, tumepata chanzo

Wakuu, nilileta shida ya vyumba viwili kupoteza umeme dakika kadhaa halafu unarudi wenyewe, na breka yake (swichi ya kinga inayokata umeme yenyewe) haijatripu, yaani haijakata, hata mara moja. Asanteni sana, limeisha!

Mlioniambia nipime kukiwa na mzigo (vifaa vimewashwa) mlikuwa sahihi kabisa, maana mimi nilikuwa napima hakuna kilichowashwa, mita inasoma volti 238 juu (umeme unapoingia) na chini (unapotoka) ya breka nikajua ni nzima. Fundi akaja akawasha pasi na birika kwa pamoja ndo akapima, juu 235 lakini chini inacheza, mara 190 mara 110, mara imepotea kabisa.

Akazima meini swichi, akapima tena kuhakikisha (waya zinazoingia kwenye meini zinabaki na umeme hata ukizima, hapo jamani msiguse), kufungua akakuta skrubu ya breka imelegea, waya umeungua mpaka ganda limekuwa jeusi. Kumbe waya ukilegea unachemka, mguso unapotea, ukipoa unarudi, na breka haitripu kwa sababu yenyewe inaangalia umeme kuzidi au shoti, haijui habari ya kulegea.

Tumekata sehemu iliyoungua, tumeweka breka mpya ya 20A (ampea 20) ileile. Aliyeshauri 32A nimekataa, waya ni wa 2.5mm², ungeweza kuungua kabla breka haijakata.

Wiki ya tatu sasa haujakatika.