Dogo kamaliza kemo (dawa za saratani) miezi 8 sasa, mwili umerudi ila yeye hajarudi. Nimsaidieje?

DadaWaKihonda:
Habari zenu wakuu, naomba mnivumilie ntaandika kirefu maana sina pa kuyasemea haya.

Mdogo wangu ana miaka 19. Mwaka juzi alianza na kauvimbe shingoni kama punje ya njugu, hakaumi, hospitali ya kwanza wakasema TB ya tezi, akanywa dawa za TB miezi minne uvimbe ndo kwanza unaongezeka na usiku anatoka jasho mpaka shuka unakamua. Mpaka walipokata kinyama kikaenda maabara ndo ikajulikana ni saratani ya tezi, ile inaitwa Hodgkin. Tukaenda Dar, Ocean Road, akapiga kemo mizunguko 6 yaani drip 12, kila baada ya wiki mbili tunapanda basi la alfajiri kutoka Moro. Namshukuru Mungu dawa ilikubali, skani ya mwisho safi.

Sasa mama akafanya shukrani nyumbani, kwaya ikaja, majirani wakaja, watu wanalia kwa furaha. Nikampelekea dogo glasi ya juisi ya rozela, ya baridi, yenye tangawizi, anaipendaga tangu mdogo. Akaiangalia tu. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba akatapika mpaka nyongo. Wageni wakaanza kunong'ona imerudi, imerudi. Mama akamfuata akamwambia mwanangu usinitie aibu mbele za watu, Mungu kakuponya shukuru.

Toka siku ile hatoki ndani. Kila asubuhi namkuta mbele ya kioo anajipapasa shingo, kulia, kushoto, anashuka kwapani, anarudia tena. Wenzake aliomaliza nao fomu foo wako vyuoni, wakimpigia hapokei. Begi la hospitali mpaka leo liko nyuma ya mlango limefungwa zipu, na shuka lake na kikombe humo humo. Nikimuuliza anasema "niko poa dada". Mama anasema anadeka, baba mdogo anasema aombewe upya. Mimi ndo nilikuwa naenda naye kila drip na nahisi kuna kitu sikioni. Aliyepitia au aliyeuguza kijana anisaidie tafadhali.

Binti_wa_Kashai:
Pole sana dada, na pole ya dogo.

Hiyo juisi kwanza. Unakumbuka kwenye zile dawa kulikuwa na moja nyekundu? Nesi anaisukuma pole pole kwenye mshipa, nyekundu vile vile kama rozela, halafu ukienda kukojoa na mkojo unatoka hivyo hivyo. Mimi nilipata Hodgkin nina miaka 17, sasa nina 25, na hadi leo soda nyekundu haipiti kooni, nikisikia tu harufu ya spiriti mate yanajaa mdomoni. Saratani haijarudi na wala hadeki, ni mwili wake unakumbuka. Mwambie mama hivyo hivyo kwa upole, yeye naye ameogopa.

Na kitu hakuna aliyeniambia ni kwamba ukimaliza dawa ndo hofu inaanza. Ukiwa kwenye matibabu una ratiba, una nesi anakujua jina, una mwenzako wa kitanda cha pili mnachekana vipara. Siku ya mwisho unaambiwa haya rudi baada ya miezi mitatu, unabaki wewe na shingo yako. Kila mafua unasema ndo hiyo. Nyumbani wote wanataka ufurahi na wewe unaona ukisema unaogopa utawavunja moyo, kwa hiyo unasema niko poa. Mimi nimesema niko poa miaka miwili mfululizo.

Kingine, mle ndani kuna maswali hawezi kumuuliza mama yake. Mimi mchumba alipokuja, ndugu zake walienda kumuuliza MAMA kama nitazaa. Mimi nimekaa chumba cha pili nasikia. Dogo ana 19, na yeye hilo analiwaza usiku na hana wa kumuuliza.

Mzee_Kigelegele:
Huyo damu yake bado ina sumu za dawa. Mpe mlonge na maji ya majani ya mstafeli asubuhi na jioni, sukari asiguse kabisa, mwezi mmoja utaleta majibu.

Nesi_Mstaafu:
Mzee wangu shikamoo, najua unasema kwa nia njema ila hapana. Kijana hana sumu ya kutoa, na hizi za kuchemsha hatujui zinafanya nini kwenye ini na figo zilizotoka kwenye kemo juzi. Ale chakula cha nyumbani.

DadaWaKihonda, mwanangu, nimekaa wodi za saratani miaka mingi, nisikilize. Kabla hamjafanya lolote mwende kliniki mwombe karatasi moja yenye muhtasari wa matibabu, dawa gani alipata, kiasi gani, mara ngapi, na kama alipigwa mionzi ni wapi. Watu wanapoteza mafaili, wanahama mikoa, miaka 15 baadaye mtu anaumwa moyo daktari wa huko hajui historia. Ile nyekundu ni doksorubisini, inaweza kuudhoofisha moyo hata miaka mingi baadaye, kwa hiyo aulizie altrasaundi ya moyo (wanaiita eko) afanye lini na arudie lini. Kama alipewa na bleomisini, hiyo inagusa mapafu. Siku yoyote akienda kufanyiwa operesheni, hata ya kidole tumbo, amwambie daktari wa usingizi MAPEMA. Na sigara asijaribu kabisa.

Kuhusu uzazi, dawa za namna yake mara nyingi haziui uzazi kabisa, lakini hakuna wa kumhakikishia bila kupima mbegu, na kipimo kipo. Kwa kawaida haya huzungumzwa kabla ya drip ya kwanza ili anayetaka ahifadhi mbegu, ila kwetu mgonjwa anafika amechelewa, kila mtu anakimbizana na uhai. Aulize sasa. Na wewe usiwe chumbani akiuliza. Binti wa Kashai, kama ulipigwa mionzi kifuani ongea na daktari wako kuhusu kuanza kuchunguzwa matiti mapema kuliko wenzio.

Kujipapasa kila siku kunamtesa bure, tezi ukizibonyeza bonyeza zenyewe zinauma. Mpangieni mara moja kwa mwezi, na ajue cha kumkimbiza hospitali bila kusubiri tarehe: uvimbe unaokaa zaidi ya wiki mbili, homa zisizoeleweka, jasho la usiku kama lile la mwanzo, kukonda.

Umri huu kwetu unaanguka katikati. Watoto wenye saratani pale Muhimbili wana shirika lao, Tumaini la Maisha, wanasoma, wanacheza. Wa miaka 19 analazwa na baba zake, anashuhudia mzee wa pembeni anafunikwa shuka. Uingereza wenzetu wana Teenage Cancer Trust, tangu 1990 wanajenga wodi za vijana wa miaka 13 hadi 24 tu, walale na wa rika lao. Sisi tukimpata hata kijana mmoja wa kuongea naye tushukuru. Hofu ikizidi, hapati usingizi, hali chakula, au anasema bora nisingepona, hilo siyo la kusubiri, daktari wa akili yupo na siyo aibu.

Fundi_Tegeta:
Mimi ni saratani ya mfupa, mguu ulikatwa juu ya goti nina miaka 20. Niongeze moja tu. Msimuite shujaa kama hajajiita. Watu walinitumia sana habari za yule kijana wa Kanada, Terry Fox, alikatwa mguu 1977 ana miaka 18, mwaka 1980 akakimbia siku 143 na mguu wa bandia, zaidi ya kilomita 5,000, kuchangisha pesa za utafiti. Namheshimu mno. Lakini ugonjwa ulirudi kwenye mapafu na 1981 akafariki ana miaka 22, hicho kipande wanaonitumia wanakiruka, na mimi ndicho kilichokuwa kinaninyima usingizi. Aliyenisaidia ni bosi wangu wa gereji, hakunipa maneno, alinipa spana akasema kaa hapo kwenye stuli fungua hiyo injini. Mpe kitu cha kufanya, halafu muulize yeye anataka nini.

DadaWaKihonda:
Nimesoma yote, nimelia, asanteni sana. Nimerudi kuwaambia.

Jana usiku umeme umekatika tumekaa barazani nikamwambia dogo nisamehe ile juisi, sikujua. Akakaa kimya muda mrefu. Akaniuliza "nani kakwambia?" nikamwambia kuna dada wa Bukoba yalimkuta hayo hayo na sasa ana miaka 25. Akasema "25?" akarudia tena, "25." Halafu akaanza kuongea mpaka saa nane, mambo mengine siwezi kuandika hapa, kuna mzee wa kitanda cha pembeni alikuwa anamuita mwanangu, akafa, mimi nilikuwa nimeenda kununua chai na hakuwahi kuniambia.

Nikamuuliza kama alivyosema Fundi, unataka nini. Akasema kliniki ya mwezi ujao anataka kwenda peke yake, faili alishike yeye, na maswali aulize yeye. Mama hajapenda. Nimemwambia mama tutamsindikiza mpaka stendi.

Binti wa Kashai nimekutumia ujumbe pembeni, dogo anaomba kuongea na wewe kama utakubali.