Naomba ushauri: jipu linapoota mizizi kwenye habari

Wapenzi wa lugha, habari zenu.

Nahariri habari za redio, na kuna jambo linanitatiza. Juzi nililetewa sentensi hii: “Viongozi wamelivalia njuga jipu hilo kabla halijaota mizizi.” Njuga ni za mcheza ngoma, jipu ni la mgonjwa, mizizi ni ya mti, na vyote vimebanana mahali pamoja. Chumba kizima kilicheka. Lakini habari yenyewe ilikuwa nzito, na sikutaka msikilizaji abaki na kicheko tu. Mitaani nako nasikia “haba na haba huisha gogo”, na watu wanaelewana vizuri kabisa.

Nimejaribu kubakiza taswira moja na kufuta nyingine. Inasaidia, ila mara nyingine sentensi inapooza. Quintilian, mwalimu wa balagha (ufundi wa kusema kwa ufasaha na mvuto) wa Roma katika karne ya 1, alishaonya dhidi ya kuanza taswira na tufani na kuimalizia na moto, nami nakubaliana naye. Tatizo ni misemo iliyozoeleka hadi picha yake haionekani tena. Ukisikia “sheria itachukua mkondo wake”, nani anawaza mto?

Naomba mnisaidie kwa mawili. Mnatumia kipimo gani kujua kwamba msemo umeshachakaa kiasi cha kukaa jirani na mwingine bila kuchekesha? Na kiongozi akichanganya misemo mwenyewe kwenye mahojiano, mnamnukuu neno kwa neno au mnaeleza alichokusudia kwa maneno yenu?