Tupeane uzoefu: Uliwezaje kuchora kitu kilichopinda kwenye CAD kutoka faili la STL?

Wakuu, habari za jioni. CAD ni programu ya kuchora vitu kwa vipimo; STL ni faili la umbo la 3D lililoundwa kwa vipembetatu vitupu. Naanza mimi.

Kava la saiti mira ya bajaji ya bro wangu lilipasuka. Maduka ya spea ya Gerezani, Dar, nimeyazunguka nusu siku, yaliyopo ni ya toleo jingine. Printa ya 3D ninayo, nikaliskani kwa simu, nikaingiza STL kwenye FreeCAD, programu ya CAD, nikaamuru igeuze meshi (ule wavu wa vipembetatu) kuwa solidi (umbo lililojaa ndani, la kuchongwa kwenye CAD). Laptopu ikaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga, na umeme nao ukakatika. Kesho yake ikakubali, ila kava zima limejaa vipembetatu zaidi ya 80,000, kila kimoja kinahesabika uso wake. Kutoboa tundu moja la skrubu ni kusubiri dakika 11. Kulainisha ukingo ndiyo ikagoma kabisa.

Nikaacha kuigeuza. Meshi nikaiweka kama kivuli tu, nikaikata vipande kama mkate, mikato 5, na juu ya kila mkato nikachora mstari wangu. Hapo napo nilijifanya fundi sana: nukta 30 kila mkato, nafuata hadi makosa ya skani. Lofti (uso ambao programu inautandaza kuunganisha mikato yote) ikatoka na mawimbi, utadhani bati la migongo mipana! Nikarudi kwenye nukta 4, idadi ileile kila mkato, uso ukatulia. Imetofautiana na meshi kama nusu milimita. Nani atapima barabarani?

Fundi wa Keko: Mimi ulikuwa mguu wa kiti. Wiki nzima napambana na lofti, kumbe kitu chenyewe kimekerezwa! Unachora ubavu mmoja, unauzungusha digrii 360 kwenye mhimili wake, chai haijapoa umemaliza. Siku hizi kabla ya kugusa mausi najiuliza kwanza kitu kilitengenezwaje.

Dada Milimita: Aisee, yangu ni aibu. Nilitumiwa faili la kishikio, nikafungua, kidogo kama punje ya mahindi. Nikakuza kwa macho hadi kikaonekana "sawa", nikaprinti, hakikuingia. STL haibebi vipimo, ina namba tupu. Aliyechora alitumia inchi, programu yangu ikasoma milimita, ilitakiwa nizidishe kwa 25.4. Sasa napima upana mmoja kwa vernia ndipo naanza.

Mzee wa Blender: Natofautiana kidogo. Kama unataka kutoboa tundu na kuprinti tu, CAD ya nini? Kata meshi yenyewe kwa programu kama Blender, uendelee na maisha.

Mleta mada: Sawa mkuu, ila bro anataka na la kushoto, na kishikio chake kina urefu tofauti. Kwenye mchoro nabadilisha namba moja. Kinachonitesa bado ni ile pembe ya nyuma inayopinda pande mbili kwa pamoja, lofti inajikunja pale. Aliyewahi kuivuka, mikato aliiweka wapi?