Kidude cha E-ZPass (kile cha kwenye gari cha kulipia barabara) hakisomi, nikibandike wapi?

Habari zenu wadau, hasa mlioko Marekani, naombeni ushauri. Nipo Pennsylvania, kazini napita Turnpike, ile barabara ya kulipia, na kule keshi hawapokei tangu 2020, kidude kisiposomeka wanapiga picha plate namba na bili inakuja kwa posta ikiwa juu zaidi, inaniuma maana salio ninalo.

Gari nimebadilisha juzi juzi, kioo cha mbele kina ile tabaka ya madini ya kuzuia joto, inakata mawimbi. Nimekibandika nyuma ya kile kioo cha kati cha kutazamia nyuma kama maelekezo yanavyosema, nikafuta na spiriti kwanza ili zile stripu zishike vizuri, wapi. Nikahamishia chini kona ya dereva, hola.

Sasa pale juu kuna sehemu ina vidoti vyeusi, nasikia hapo madini hayajapakwa, ila kamera na sensa ya mvua zimejaa hapo hapo, kimebaki kijinafasi kama vidole viwili.

Je nikikibana hapo pembeni kitasoma bila kusumbua kamera? Au nichukue kile cha nje kinachofungwa kwenye plate ya mbele, na sisi huku plate ni ya nyuma tu, mlio nacho mmekifunga wapi?

Natanguliza shukrani.