Tupeane uzoefu: mliopanga upya vyumba wakati wa kukarabati nyumba

Ndugu zangu, salaam. Nafungua mada hii kwa ajili ya wale ambao ukarabati wao haukuishia kwenye rangi na vigae, bali waligusa mpangilio wenyewe wa nyumba: waliobomoa kuta, waliohamisha jiko, walioingiza choo ndani, waliogeuza chumba cha mpangaji kuwa sebule. Tuelezane mlibadilisha nini, kwa sababu gani, na maisha ya humo ndani yakoje sasa.

Naanza na yangu. Nyumba tuliyoachiwa na marehemu baba iko Magomeni, nayo ni ya mtindo unaofahamika: mlango wa mbele, korido iliyonyooka hadi mlango wa uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na huko uani choo, bafu, stoo na jiko. Kwa kupangisha chumba kimoja kimoja mpangilio huo hauna mpinzani, kwa kuwa kila mlango unafungukia koridoni na hakuna anayepita kwa mwenzake. Familia moja ikihamia humo, inajikuta haina mahali pa kukaa pamoja. Watoto wanakula koridoni, na mgeni anaishia barazani.

Pendekezo la kwanza la fundi lilikuwa kuifuta korido kwa upande wa mbele, ili sebule ichukue upana wote wa nyumba. Mchoro ulivutia sana. Mama, ambaye ndiye aliyeishi humo kuliko sisi sote, akauliza upepo utapita wapi. Tulisimama katikati ya korido saa nane mchana, milango yote miwili ikiwa wazi, na pazia la chumba cha kati likawa linapepea. Tulipoufunga mlango wa uani pazia likatulia, na hatukukaa sana kabla ya kuanza kufuta jasho. Mjadala ukaishia hapo.

Korido ikabaki. Tuliunganisha vyumba viwili vya mbele upande wa kushoto vikawa sebule na mahali pa kulia chakula, kisha tukafungua uwazi mpana kuelekea koridoni. Kabla ya nyundo kuinuliwa, fundi alitoboa dari na kupanda kuangalia kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zimekaa juu ya ukuta upi. Ukuta uliotenganisha vyumba hivyo viwili haukuwa umebeba kitu, kwa hiyo uliondoka kwa urahisi. Ukuta wa korido ndio uliokuwa umebeba paa, na huo ulidai mirunda ya kuegemeza, boriti ya zege yenye nondo, na subira ya kuliacha zege likomae kabla ya kuondoa mirunda. Chumba cha nyuma upande huo huo kikawa jiko, kwa sababu bomba la maji na chemba ya maji machafu viko nyuma ya ukuta wake. Niongeze jambo ambalo halimo kwenye mchoro wowote: nyumba ni ya urithi, na vyumba tulivyounganisha vilikuwa vinaleta kodi, kwa hiyo makubaliano na ndugu zangu yaliandikwa na kusainiwa kabla ya kununuliwa hata mfuko mmoja wa saruji.

Mchangiaji, Unguja

Ahsante ndugu kwa mada. Sisi tunaishi Mji Mkongwe, na huku uhuru wa kubomoa ni mdogo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jengo lenyewe: sakafu za juu zimelazwa juu ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo zina kikomo cha urefu, vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake kwa kawaida hauzidi mita tatu. Anayetaka chumba kipana kwa kuondoa ukuta anaondoa kilichoishikilia sakafu ya juu. Sababu ya pili ni kibali, kwani mji umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kabla ya kazi ya namna hii ni lazima kupitia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Kwa hiyo tulibadilisha matumizi ya vyumba tukaziacha kuta. Bibi hawezi tena kupanda ngazi. Ghala la chini, lililokuwa limejaa makorokoro ya miaka, likasafishwa likawa chumba chake, nasi tukahamia juu kulikobaki sebule. Ukuta wake ulikuwa na unyevu, na fundi mmoja alitaka kuuziba kwa plasta ya saruji. Tulikataa. Kuta hizi ni za mawe na chokaa, na huo unyevu hutoka kwa kupitia usoni mwa ukuta. Ukizibwa kwa saruji hubaki ndani, na plasta huanza kubanduka vipande vipande. Tulipiga chokaa, ambayo ni kazi ya polepole na mafundi wake si wengi, lakini chumba kinakalika.

Mchangiaji, Mbeya

Huku kwetu hoja ya upepo inageuka. Mwezi wa Juni na Julai tunatafuta chumba kidogo chenye mlango unaofungika, si ukumbi. Jirani yangu aliondoa ukuta kati ya jiko na sebule kwa kufuata picha za mtandaoni, na sasa amerudisha nusu yake. Nawasihi pia wale wanaopikia mkaa wasilifungulie jiko sebuleni, hasa nyakati za baridi ambapo madirisha yamefungwa, kwa maana hewa ya sumu itokanayo na mkaa haina harufu na imekwisha kuua watu usingizini.

Mchangiaji, Mwanza

Nitazungumzia choo cha ndani, kwa kuwa ndicho kila mtu anachokitaka na ndicho kinachokula fedha. Bomba la inchi nne linalotoa uchafu linahitaji mteremko, na kipimo alichotumia fundi wetu ni sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Chumba nilichokitaka kiwe na choo chake kilikuwa mita nane kutoka kwenye chemba, maana yake bomba lishuke sentimita ishirini chini ya sakafu, na chini ya sakafu yetu kuna jiwe. Fundi alitoa njia mbili: kuchimba mwamba, au kuinua sakafu ya choo kwa ngazi mbili. Nyumba yenye wazee haihitaji ngazi mbili gizani, kwa hiyo tulibadilishana vyumba na watoto, tukachukua kile kinachopakana na chemba. Bomba likawa fupi, na fedha iliyobaki ikanunua tangi la maji.

Mchangiaji, Mombasa

Naomba kuuliza, kaka wa Magomeni. Uwazi wako wa sebule unatazama korido ambayo watu wa nyumbani wanapita kwenda kuoga. Wageni wanaume wakiwa wameketi, mama na dada wanapitaje? Sisi tuliuhamisha mlango wa sebule ukawa unafunguka moja kwa moja barazani, na kule ndani tukatia mlango mwingine wenye pazia zito. Chumba hakikuongezeka hata futi moja, lakini mgeni anaingia na kutoka bila kuona kitanda cha mtu.

Mwanzilishi wa mada

Dada yangu, swali hilo mama alilijibu kwa kutundika pazia kwenye ule uwazi juma la kwanza, na fundi akasikitika kwa ajili ya boriti yake. Huo mlango wa barazani naona unawezekana, kwa kuwa dirisha la mbele lina linta tayari, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi, na kinachohitajika ni kukata ukuta ulio chini yake. Naomba unieleze baraza lenu lina upana gani, na kama mvua ya kusi haiingii ndani.